Kibarua na Karatasi Yake

Katika ofisi za serikali hapa Mtwara, mwananchi anayekuja kueleza shida ya kazi huanza mara nyingi kwa maneno haya: "Mimi ni kibarua tu." Awe mkazi wa Ufukoni, Chikongola au Shangani, awe amevuka kutoka Msangamkuu, au awe ametoka Msimbati na Kilambo karibu na mlango wa mto Ruvuma, kauli ni hiyo hiyo. Neno la mwisho katika kauli hiyo, yaani "tu", ndilo lililotusukuma kuandika somo hili. Mwenye kulitamka huwa amekwisha kujihukumu kwamba hana haki kabla afisa hajamwuliza swali hata moja.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile alikuwa kazini, na kwa kijikaratasi hicho alidai ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kisha kikaja kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambayo mwenye nayo hakulipwa mpaka nafasi zote zijae. Katika mashamba ya mkonge, yakiwemo yale ya Lindi na Mikindani ambako Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja kutafuta kazi, likazuka jina manamba, kwa kuwa mtu aliandikwa kwa namba. Utaona basi kwamba mfanyakazi wa chini kabisa alikuwa na maandishi tangu hapo. Ajabu ni kwamba leo neno kibarua limekuwa jina la mtu asiye na karatasi yoyote.

Sasa tuingie katika sheria. Kwa upande wa Tanzania Bara, mambo ya kazi yanasimamiwa hasa na sheria mbili za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Hiyo ya pili ina kifungu ambacho wananchi wachache wanakijua, nacho kinastahili kujulikana kuliko vingine vyote. Kifungu hicho hakiulizi mtu anaitwaje, bali kinauliza anafanyaje kazi. Je, namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Saa zake zinapangwa na huyo mwingine? Amekuwa sehemu ya shughuli za mahali hapo? Amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Anamtegemea kwa riziki yake? Anapewa vifaa vya kazi naye? Anamfanyia kazi yeye peke yake? Likipatikana jibu la ndiyo kwa swali moja tu kati ya hayo, sheria humchukulia mtu huyo kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mbangua korosho anayekaa kiwandani tangu asubuhi hadi alasiri, kwa mashine ya kiwanda, chini ya macho ya msimamizi wa kiwanda, anajibu ndiyo kwa maswali hayo karibu yote. Kuitwa kibarua hakumpunguzii kitu.

Mama mmoja wa hapa Ufukoni alitufikia akiwa na daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Alikuwa amebangua korosho kwa miezi minane katika kiwanda ambacho hatutakitaja, akilipwa kwa kilo na kupokea fedha zake kila wiki. Siku moja jioni aliambiwa kesho asije. Wiki mbili za mwisho hakulipwa, na malipo ya wiki zilizotangulia yalikatwa kwa sababu ya korosho zilizovunjika. Mkataba hakuwahi kuuona. Lakini katika daftari lile aliandika kila siku tarehe, kilo za korosho nzima, kilo za vipande, na jina la aliyekuwa kwenye mizani. Alikuja kwetu siku ya 36 tangu alipoambiwa asirudi, na hesabu hiyo ya siku tutairejea, maana ina uzito wake.

Kuhusu kukosa mkataba, mama huyu alidhani ndipo alipokwama, kumbe sivyo. Sheria inamwagiza mwajiri, wala si mwajiriwa, kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza kazi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali, saa za kazi na ujira. Mwajiri anatakiwa kuyahifadhi maandishi hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Wanaoachwa nje ya agizo hilo ni wale wanaofanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo. Likifika shauri mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Hivyo mwajiri anayekataa kuandika kwa kudhani anajikinga, anajifunga mwenyewe. Naye mfanyakazi mwenye daftari lake amesimama mahali pazuri kuliko anavyodhani.

Kuhusu makato, sheria hairuhusu mwajiri kukata ujira kwa hasara au uharibifu kwa neno la mdomo tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake. Sasa korosho huvunjika kwa sababu nyingi. Huvunjika kwa mkono usio na uzoefu, ni kweli, lakini pia kwa mbegu iliyokaushwa vibaya au iliyochemshwa isivyotakiwa kabla haijamfikia mbanguaji. Ni vigumu kuona ni kwa haki gani kosa la tanuri likatwe kwenye ujira wa mama aliyekaa kwenye benchi. Kupanga bei moja kwa kilo ya nzima na nyingine kwa kilo ya vipande ni mapatano halali yakifahamika tangu mwanzo. Kukata baadaye kile kilichokwisha kupatikana ni jambo jingine.

Wako wanaosema kwamba anayelipwa kwa kilo hana likizo wala notisi, kwa kuwa hana mshahara. Hilo nalo si sahihi. Pale ujira unapopanda na kushuka, sheria inaagiza uchukuliwe wastani wa wiki 13 zilizopita, au wa muda wote aliofanya kazi ikiwa ni mfupi zaidi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na anayeachishwa kabla ya kuichukua hulipwa ujira wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Mama yetu, kwa hesabu ya siku 26 kwa mwezi, alikuwa na siku 208. Ukigawa kwa 13 unapata siku 16 za malipo, ambazo hakuna aliyemtajia. Notisi kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, na kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Kiinua mgongo hakukipata kwa kuwa hakutimiza miezi 12. Wanaotimiza hulipwa ujira wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, kwa miaka isiyozidi 10.

Aidha, mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na wabanguaji wengi hapa wanaonyesha vidole kama ushahidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na glavu hazikatwi kwenye malipo ya mtu.

Tuje sasa kwenye mabadiliko ya karibuni, ambayo ndiyo yanayoulizwa zaidi. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi. Kabla ya hapo mkataba wa muda maalumu uliruhusiwa kwa wataalamu na viongozi wa menejimenti. Wengine wote walipaswa kuwa na mkataba usio na kikomo, au wa kazi mahsusi inayokwisha ikimalizika. Kwa hiyo mwajiri aliyempa mbanguaji mkataba wa miezi mitatu alikuwa nje ya sheria, ingawa wengi walifanya hivyo. Marekebisho yamepanua orodha, na sasa mkataba wa muda maalumu unaruhusiwa pia katika hali kama vile kazi za msimu, ongezeko la muda la kazi, na vijana waliohitimu wanaotafuta uzoefu.

Kwa mkoa unaoishi kwa korosho hili si jambo dogo. Msimu ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, maghala hujaa, malori hupanga foleni na bandari ikahitaji mikono mingi. Baada ya miezi michache mikono hiyo hurudi shambani na baharini. Sheria imekubali hali iliyokuwapo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni afadhali mkataba wa miezi minne ulioandikwa kuliko ule wa kudumu usioandikwa. Lakini mlango huo una pande mbili. Yuko mwajiri ambaye kazi yake haina msimu, inaendelea Januari hadi Desemba, naye atapenda kuwagawia watu wake mikataba ya miezi mitatu mitatu ili wasizeeke kazini. Huyo akumbuke kwamba sheria inahesabu kuwa ni kuachisha kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezwa. Mikataba iliyorudiwa mara tano kwa kazi ile ile ni ushahidi wa matarajio hayo. Na mfanyakazi wa msimu naye anayo haki ya likizo yenye malipo, hata kama hakutimiza miezi sita ambayo wengine wanatakiwa kuitimiza.

Marekebisho hayo pia yamewagusa wazazi. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa aliyejifungua mtoto njiti, likizo sasa inajumuisha muda uliobaki hadi wiki 40 za mimba zitimie, na baba wa mtoto huyo anapata siku 7 badala ya 3. Kuhusu mishahara, kima cha chini katika utumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Sekta binafsi ilipata amri mpya iliyoanza Januari 2026, nayo inatofautiana kwa sekta, hivyo kila mmoja aulize kiwango cha sekta yake.

Hali kadhalika kuna mipango mipya ya kazi ambayo baba zetu hawakuijua. Mlinzi analinda kwenye lango la kampuni moja na kulipwa na nyingine. Kanuni zilizotolewa mwaka 2014 zililenga kuwazuia mawakala wa ajira wasiwe wamiliki wa wafanyakazi wanaowapeleka kwa wengine. Wakala kazi yake ni kumkutanisha mtu na mwajiri. Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni ni suala gumu zaidi, na maswali saba tuliyoyataja huenda yakajibiwa kwa namna mbili. Ushauri wetu ni mapatano hayo yaandikwe, hata kwa mkono, mbele ya shahidi.

Watumishi wa umma nao wasisome ukurasa huu kama wageni. Kwanza, mgogoro wao hauanzii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Pili, mkuu wa idara anayeita vijana kufyeka mitaro ya mji kwa mwezi mzima, saa hiyo yeye ndiye sura ya mwajiri, na maswali yale saba yanamhusu. Na kwa wale wenye ndugu katika hoteli za Unguja na Pemba, wafahamu kuwa Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Tarakimu tulizotaja hapa ni za Bara.

Turudi kwa yule mama na siku zake 36. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ujira usiolipwa, ndani ya siku 60. Kwa hiyo madai yake ya ujira, makato na likizo yalikuwa hai, lakini dai la kuachishwa lilikuwa limechelewa kwa siku 6. Ilimlazimu kujaza fomu mbili: Na. 1 ya kuwasilisha mgogoro, na Na. 2 ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, akieleza sababu. Alisema kweli, kwamba siku zote hizo alikuwa akingoja kuitwa tena, kwa kuwa msimamizi alimwambia avute subira. Ujira wake, makato na siku 16 zile vilimalizika katika usuluhishi. Ombi la kusamehewa ucheleweshaji lilikataliwa.

Huduma za Tume hazina malipo. Anayekwenda kwa Tume au kwa Afisa Kazi wa mkoa achukue kitambulisho, karatasi yoyote aliyowahi kupewa kazini, ujumbe wa simu wa malipo, na daftari kama analo. Asiye na daftari alianze leo.