SOMO: KOMPYUTA IKIKATAA JINA LAKO



Siku hizi hesabu hazikai kwenye daftari peke yake. Chukueni mfano wa kikundi cha Sagalla chenye mizinga ya nyuki ya kuzuia ndovu. Hesabu ya asali, hisa na mikopo imo kwenye kompyuta ya kituo. Siku ya kupeleka ripoti Voi, katibu anaandika jina na neno la siri, anaambiwa si sahihi. Hapo watu hukimbilia fundi wa kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Ngojeni kwanza! Akifuta, hesabu nazo zaweza kwenda.

Orodha iko wapi?

Kituo chenye kompyuta kadhaa za Linux huweza kuweka majina yote katika mashine moja, yaani seva. Kompyuta iliyo mbele yako ni kama askari wa mlangoni asiye na orodha ya wageni: lazima apige simu ofisini. Lugha ya kuulizia orodha hiyo huitwa LDAP, nayo ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993. Faida yake ni kwamba neno moja la siri linakufungulia kompyuta yoyote ya kituo.

Basi ukikataliwa, shida iko kwako, njiani, au kwenye seva. Tafuteni kwa mpangilio:

1. Anza na vidole vyako. Je, taa ya herufi kubwa inawaka? Jaribu mara mbili tu, kwa sababu seva nyingine hufunga jina likikosewa mara nyingi.

2. Badilishaneni viti. Katibu akiingia kwenye kompyuta ya jirani, neno lake ni zima. Mbovu ni mashine ya kwanza. Akikataliwa kote na wenzake wanaingia, jina lake liangaliwe kwenye seva. Lakini kuweni waangalifu: kompyuta nyingine hukumbuka watu waliowahi kuingia hapo, ikawaruhusu hata seva ikiwa imezimika. Mgeni ndiye atakayekataliwa.

3. Fuateni waya. Je, seva imewashwa baada ya stima kupotea? Kebo imekaza? Taa za swichi zinawaka?

4. Tazameni saa. Vituo vingine hutumia pia ulinzi uitwao Kerberos, na huo kwa kawaida haukubali saa za mashine mbili zipishane zaidi ya dakika 5. Betri ndogo ya ndani ikifa, stima ikipotea saa hurudi nyuma miaka mingi. Neno la siri ni sawa, lakini mlango haufunguki. Rekebisheni saa, badilisheni betri.

5. Fundi aulize kwa amri. Kama jina ni katibu, aandike: getent passwd katibu. Mstari wenye jina ukitokea, kompyuta inalijua jina hilo, basi achunguze neno la siri na saa. Kukiwa kimya, achunguze njia na seva.

Skrini ikiwa giza kidogo kisha ikarudi palepale bila kulaumu neno la siri, hiyo ni shida nyingine. Mara nyingi diski imejaa.

Jitayarisheni mapema

Kila kompyuta iwe na jina moja la msimamizi lisilotegemea seva. Neno lake la siri litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, itunzwe na mweka hazina. Na kila mwezi nakala ya hesabu itolewe, iwekwe mahali pengine. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Maswali ya kujadili kikundini

- Hesabu zetu ziko kwenye kompyuta ipi, na nakala iko kwa nani?
- Katibu akihama leo, nani mwingine anaweza kuzifungua?
- Fundi akisema "tufute tu", tutamwuliza nini kwanza?