Saruji inanila mikono

Swali: Mimi ni fundi mwashi hapa Kibakwe. Viganja vimepasuka, vinawasha usiku kucha, na watu wanakwepa kunipa mkono. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, fundi. Saruji mbichi huunguza ngozi, tena ina kromiamu inayoweza kuleta mzio. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida haukuachi. Lakini hauambukizi! Wape watu mkono bila haya.

Kukosa usingizi, aibu, kupoteza vibarua: hayo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Mwaka 1994 watafiti Finlay na Khan wa Cardiff walitunga maswali 10 ya kupima jinsi ngozi inavyovuruga kazi, mavazi, hata unyumba. Basi ukifika hospitali ya wilaya, Mpwapwa, usionyeshe mikono tu. Eleza na maisha yako.

Kama unanawa kwa mafuta ya taa, acha. Vaa glavu zisizopitisha maji, zikiingia uji wa saruji zivue, nawa maji safi, jipake mafuta mazito. Kama umeajiriwa, mwajiri ana wajibu: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Mwombe daktari aandike kazi yako kwenye cheti.