Haidroliki Inashuka Yenyewe? Soma Kabla Hujafungua

Massey Ferguson 135 iliacha kuundwa Coventry, Uingereza, katikati ya miaka ya 1970, lakini nyingi bado zimo mashambani, zinavuta plau, haro na tela za mahindi. Zikizeeka hupatwa na ugonjwa uleule: plau inanyanyuka kwa kusuasua, ikishafika juu inaanza kushuka yenyewe kama mzee anayesinzia barazani. Fundi wa kwanza atasema pampu imekufa. Huenda ni kweli, ila pampu iwe kitu cha mwisho kununua. Mara nyingi mkosaji ni oringi inayoenea kwenye kiganja.

Nimeandika nikiifikiria 135. Dada zake 35 na 165 zinafanana nayo kwa mengi. Mwenye Ford atafaidika na uchunguzi, ila mpangilio wa ndani autafute kwenye kitabu cha trekta yake.

1. Tofautisha oili unayoiona na usiyoiona. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Katika mfumo alioubuni Harry Ferguson, pampu na silinda ya kunyanyulia vimo ndani ya bodi ya nyuma, pamoja na gia, na vyote vinatumia oili moja. Kwa hiyo oili yenye presha ikivuja kwenye silinda, hairuki nje. Inarudi palepale ilipotoka. Chini ya trekta pakavu kabisa, na plau inashuka! Kinyume chake, ile oili nyeusi inayochuruzika kwenye mikono ya kunyanyulia ni ya kurushwa na gia tu, haina presha. Inachafua, inapunguza kiwango, inakera, lakini siyo inayoangusha plau. Ukibadilisha sili za nje ukitegemea plau itatulia, utakuwa umemtibu jirani.

2. Chini ya plau iliyonyanyuliwa hapaingiwi. Wala mguu, wala mkono, wala "nachungulia mara moja tu". Haidroliki mbovu haitoi taarifa. Kabla ya kufungua chochote, shusha plau mpaka ardhini, zima injini, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu.

Na kama umeunga mpira wa kunyanyulia tela ya kutipa, usitafute tundu kwa kidole. Presha humo inazidi paundi 2,000 kwa inchi ya mraba, na uzi mwembamba wa oili unapenya ngozi bila hata kuuma sana. Pitisha kipande cha boksi, oili itajichora yenyewe. Aliyechomwa na oili apelekwe hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo kama la sindano, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha.

3. Angalia kipimio kabla ya kulaumu mtu. Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa na mikono inapanda kwa kurukaruka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, mara nyingi kupitia kifuko kilichochanika kwenye shina la gia ya trekta inayolala nje. Imwage yote. Kuongeza mpya juu ya iliyoharibika ni kuiharibu na hiyo mpya.

4. Ipe mtihani. Oili ikiwa moto baada ya kazi, nyanyua plau, acha injini ikinguruma. Ikiwa mikono inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena, mchezo huohuo bila kukoma, kuna mahali oili inatoroka na pampu inafidia. Zima injini. Plau ikitua upesi, umeshapata jibu: uvujaji ni wa ndani. Lakini kama ilikuwa inakataa kupanda tangu mwanzo, na ikipanda inakaa pale ilipo, basi ndiyo uanze kuitilia shaka pampu, chujio lake au valvu.

5. Chungulia dirishani. Ubavuni mwa bodi, upande wa kulia kwa aliyekaa kwenye kiti, kuna kifuniko chenye kipimio cha oili. Hilo ndilo dirisha lako, na ni ajabu mafundi wangapi wanalipita na kwenda moja kwa moja kung'oa kiti. Punguza oili kwanza isije ikakumwagikia miguuni, lakini bakiza ya kutosha pampu kunyonya. Fungua kifuniko. Mwenzako awe kwenye kiti, gia ikiwa huru na breki imefungwa. Anyanyue plau, kisha azime injini. Injini ikishatulia kabisa ndipo usogee na tochi, ukikaa ubavuni, mbali na plau.

Sasa tazama bila haraka. Utaona bomba fupi lililosimama wima kutoka kwenye pampu kwenda juu. Oili ikichuruzika kutoka kichwani mwake, oringi ya juu imekwisha. Ikichemka pale bomba linapoingia kwenye pampu, ni ya chini. Ikitiririka kutoka mdomo wa silinda, pistoni ndiyo haizibi. Ukiona oili ikitoka ubavuni mwa pampu, shuku valvu ya usalama. Na kama juu kote ni pakavu ila plau inaendelea kushuka, oili inarudi kupitia valvu za pampu yenyewe. Hapo sasa yule fundi wa kwanza anaweza kucheka.

6. Anza na lile bomba. Kwenye 135 linatolewa kwa juu, ukishafungua kifuniko kidogo kilicho karibu na kiti, bila kushusha mzigo wote. Badilisha oringi zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Zipake oili safi kabla ya kuingiza, na usukume bomba likiwa limenyooka. Oringi iliyokatwa na ukingo wakati wa kufunga inavuja kuliko ile kuukuu uliyoitupa.

7. Oringi haikatwi kwenye tyubu ya baiskeli. Najua, shamba liko mbali na mvua imeshaanza. Lakini mpira wa tyubu unavimba ukikaa kwenye oili ya madini, kisha unalegea na kumeguka, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio. Omba oringi ya nitraili. Usimwonyeshe muuzaji ile ya zamani peke yake, maana imeshabanwa ikawa bapa. Mtajie aina ya trekta, au nenda na bomba lenyewe.

8. Ikibidi kufungua kifuniko kikubwa, tafuta cheni bloku. Kinabeba silinda, shafti na mikono, na si cha vijana wawili wenye moyo. Ondoa kiti, legeza vifungo vyote, lile bomba liwe limeshatoka, kisha inua taratibu ukichungulia kisije kikang'ang'ania. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa jinsi ringi za pistoni zilivyokaa, kwa sababu zikiwa ni oringi na bangili yake ya kuegemea, kuzigeuza ni kurudia kazi yote.

Wakati wa kurudisha ndipo wengi hukwama. Kuna wenzo unaoning'inia kutoka kwenye kifuniko na kwenda kuishika valvu ya pampu. Usipokaa mahali pake, haidroliki itapanda na kukataa kushuka, au haitafanya chochote. Ule uwazi wa ubavuni uache wazi ili uuongoze kwa kidole kifuniko kikishuka, na usikaze bolti hata moja kabla hujaona umeingia.

9. Silikoni kidogo. Gasketi ya karatasi inatosha. Ile unayoipaka mpaka inafura pembeni inafura na ndani pia, inakatika, inaenda kuziba chujio.

10. Sili za mikono. Weka alama ya patasi kwenye mkono na shafti kabla ya kuvitenganisha. Shika shafti uitikise juu na chini: ikicheza, bushi zimelika na sili mpya itavuja kabla ya palizi. Badilisha bushi, au kubali kuongeza oili kila wiki. Wapo wanaochagua hilo la pili na mashamba yao yanalimwa vilevile.

11. Ukinunua silinda ya mtumba, nenda na kucha zako. Ifute kwa tambara na dizeli, kisha pitisha ukucha ndani kwa urefu, polepole, kuzunguka kote. Mng'ao tu hauna neno. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo au ukingo, hakuna oringi ya kuuziba. Tazama pia ufa kuanzia kwenye matundu ya bolti. Paka dizeli, ikaushe kwa tambara, subiri kidogo uone kama kuna mstari unaojitokeza tena. Muuzaji anayekukataza kufanya hayo mbele yake amekwisha kukwambia hali ya silinda yake.