Embe Kavu la Watoto: Kausha Bila Sukari, Subiri Wiki Moja, Ndipo Ufungashe



Msimu wa maembe ukifika, hadithi ni ile ile. Mnunuzi anakuja na bei ya kutupa, ukikataa maembe yanaozea chini ya mti. Wakati huo huo mama aliyeko mjini anatafuta kitu cha kumwekea mtoto kwenye mkoba wa shule badala ya pipi na biskuti. Leo tujifunze kumtengenezea kitu hicho, na kukitengeneza vizuri.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipokausha embe nilifanya makosa mawili. Nilichovya vipande kwenye maji ya sukari ili ving'ae, halafu nikafungasha jioni ile ile vikiwa bado na joto. Siku ya tisa mteja mmoja akanirudishia pakiti. Ndani kulikuwa na ukungu, na mwanaye alikuwa ameshakula nusu. Mtoto hakuumwa, namshukuru Mungu, lakini yule mama hakununua kwangu tena. Sikuwa na la kujitetea.

Kwa nini tusiongeze sukari?
Embe bichi lililoiva lina maji zaidi ya asilimia 80. Ukiyatoa maji, sukari ya tunda inabaki yote kwenye kipande kidogo. Tayari ni tamu ya kutosha! Ukiongeza nyingine umetengeneza pipi yenye jina la tunda. Dawa ya salfa ya kutunza rangi nayo iache, kwa sababu inaweza kuwasumbua wenye pumu. Limao linatosha.

Mahitaji
- Maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Yenye nyuzi chache, kama embe apple, Kent au Keitt, yanatoa vipande vizuri.
- Limao na maji safi ya kunywa.
- Kisu kikali kisichoshika kutu.
- Kaushio la jua: boksi la mbao lililofunikwa nailoni angavu, lenye matundu ya hewa chini na juu yaliyozibwa kwa wavu wa kuzuia nzi.
- Trei zenye wavu wa plastiki unaofaa kwa chakula. Usitumie wavu wa chuma wa mabanda ya kuku, maana asidi ya tunda inakula ile zinki.

Hatua za kufuata
1. Osha maembe kabla ya kumenya. Nawa mikono kwa sabuni. Lililooza upande mmoja usilikate ukachukua upande mzima, liweke pembeni.
2. Menya, kata vipande vyenye unene wa milimita 5 hadi 6. Vilingane, la sivyo vyembamba vitakauka huku vinene vikiwa bado na maji.
3. Loweka dakika 10 kwenye maji yenye limao, kisha chuja.
4. Panga kwenye trei bila kubebanisha. Joto zuri ni nyuzi 55 hadi 60. Likizidi sana, nje panakuwa pagumu na maji yanafungiwa ndani. Nunua kipimajoto, usikisie kwa mkono.
5. Jua likizama ingiza trei ndani na zifunike, kwa sababu usiku tunda linavuta unyevu tena. Kwa jua zuri utamaliza siku 2 au 3.
6. Pima likishapoa. Kipande kipinde kama ngozi laini bila kuvunjika, na ukikikata katikati kisitoe unyevu. Kamata vingi mkononi uminye, ukiachia viachane. Usipime kikiwa cha moto, utadanganyika.

Wiki ya kusubiri
Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Hata ukikata vizuri, vipande havikauki sawasawa. Vijaze kwenye ndoo au chupa safi inayoona ndani, ifike theluthi mbili tu, ifunge. Kila siku tikisa, kwa siku 7 hadi 10. Unyevu utasambaa na kulingana. Ukiona matone kwenye kuta za chupa, rudisha mzigo wote kwenye kaushio. Ukiona ukungu, tupa chombo kizima. Usichambue.

Ndipo sasa ufungashe pakiti ndogo ndogo, uhifadhi mahali pakavu pasipo na mwanga. Andika tarehe na kilichomo: embe, limao.

Mwambie mzazi ukweli
Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, vipande vikatwe vidogo sana, ale amekaa, mtu mzima akiwepo, kwa sababu anaweza kupaliwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kiasi kiwe kidogo, kama kiganja chake, na anywe maji baadaye kwani embe kavu linanata kwenye meno. Pia usimwambie halijapoteza kitu: vitamini C nyingi hupotea wakati wa kukausha. Tunda bichi likiwepo, ale bichi.

Hesabu
Kilo 10 za maembe, ukitoa ganda na kokwa, zinabaki kama kilo 6 za nyama. Zikikauka unapata kilo 1 na kidogo. Kwa hiyo bei ya kilo 1 kavu lazima ibebe kilo 10 mbichi, vifungashio na siku zako za kazi. Anza na trei mbili, ujifunze. Ukitaka kuingia madukani, pita ofisi ya SIDO ya mkoa wako wakuelekeze utaratibu wa kupata alama ya TBS.

Na kabla hujauza pakiti ya kwanza, mpe mtoto wa nyumbani kwako. Kama roho inasita kumpa wako, usimuuzie mwenzako.

Kazi njema, tukutane shambani.