Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu: Limfoma Inapofika Kifuani

Wakazi wa Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Kangemi, Kawangware na Dagoretti, wanahimizwa kupimwa kifua kikuu (TB) wanapopata kikohozi kisichoisha. Wito huo ungalipo. Hata hivyo, upo ugonjwa mwingine unaofanana nao: limfoma.

Limfoma ni saratani ya chembe za damu zinazokinga mwili. Mara nyingi huonekana kama tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Kama TB, huleta homa, jasho jingi usiku na kupungua uzito. Anayeishi na VVU yumo hatarini zaidi kwa magonjwa yote mawili, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo kwa pamoja.

Madhara yake kifuani

• Maji hujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa akakosa pumzi.
• Tezi za katikati ya kifua hubana njia ya hewa au mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Uso na shingo huvimba, na kupumua huwa kugumu zaidi akilala. Hii ni dharura.
• Kwa nadra, saratani huanzia ndani ya pafu lenyewe na kuonekana kama nimonia isiyopona.
• Wakati wa matibabu, kinga hushuka na nimonia hushika kwa urahisi. Baadhi ya dawa, kama bleomycin, zinaweza pia kudhuru mapafu.

Jinsi inavyotambuliwa

Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, na kifua hupigwa eksirei. Lakini picha pekee haiwezi kutenganisha TB na limfoma. Maji ya kifuani hutolewa kwa sindano na kukaguliwa. Uthibitisho hutokana na kipande cha tezi kinachochunguzwa maabara. Sindano nyembamba mara nyingi haitoshi, kwani mtaalamu huhitaji kuona jinsi chembe zilivyojipanga.

Mkazi afanye nini?

Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya umma, ikiwemo Hospitali ya Mbagathi. Anayehitaji huduma ya saratani anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Mgonjwa wa TB asiache dawa kwa uamuzi wake. Ikiwa ametumia dawa kwa miezi miwili bila nafuu, au tezi zinaendelea kukua, arudi kliniki na kumuuliza daktari: "Je, nahitaji kupimwa tezi?" Limfoma nyingi hutibika, hasa zikigunduliwa mapema.