Mchoraji wa Vitabu vya Watoto na Karatasi Yake

Kwa kawaida somo letu huwa juu ya kuku, mbuzi wa maziwa au akiba ya kikundi. Leo tunataka tuzungumze juu ya yule kijana ambaye karibu kila kijiji kinaye: anachora. Alianza na makaa ukutani kwa nyanyake, akachapwa. Baadaye mwalimu akamwita achore ramani ya Afrika kwenye ukuta wa darasa. Sasa watu wanamwambia, "Hiyo si kazi, tafuta kazi." Sisi tunasema ni kazi, ila shida yake kubwa haiko kwenye penseli.

Kijana mmoja wa kwetu aliitwa na watu fulani achore picha za kitabu cha shule ya nasari. Alichora wiki sita, usiku, kwa taa ya mafuta. Alilipwa mara moja, akashukuru, akanunua mabati. Mwaka uliofuata tukamwona mbuzi wake kwenye kalenda, kisha kwenye fulana. Tulipomsindikiza kwenda kuuliza, tuliulizwa sisi: "Mna karatasi?" Hatukuwa na karatasi. Tukarudi nyumbani.

Basi tuangalie kazi yenyewe kwanza. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa maana mashine huchapa karatasi kubwa ambayo hukunjwa kisha hukatwa. Chukueni karatasi nane, mzikunje katikati, mzishone kwa uzi: mmepata kurasa 32. Mchoraji huanza na kijitabu kama hicho, akichora vipicha vya haraka haraka ili aone hadithi itakavyotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa. Anaacha nafasi ya maneno. Haweki uso wa mtu pale kitabu kinapokunjwa, la sivyo mtoto ataona pua nusu. Na kama msichana amevaa kanga nyekundu ukurasa wa tatu, lazima awe nayo ukurasa wa kumi na tisa, maana mtoto ataona kosa kabla ya mwalimu. Halafu yanakuja marekebisho: mwandishi anataka hivi, mchapishaji anataka vile. Hapo ndipo wiki mbili zinapogeuka sita.

Sasa tuwape mfano wa mama mmoja wa Uingereza, Beatrix Potter. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mchoraji na pia mkulima, na hesabu zake tunazielewa.

Mwaka 1890 aliuza michoro ya kadi za salamu, akalipwa pauni 6. Aliyemfuga kama mfano wa kuchora alikuwa sungura wake mwenyewe. Alifurahi, lakini malipo yalikuwa ya mara moja. Mwaka 1893 mtoto wa mwalimu wake wa zamani aliugua, naye akamwandikia barua yenye hadithi ya sungura aitwaye Peter, na vipicha pembeni. Yule mtoto aliitunza barua. Kama miaka saba baadaye Beatrix aliiomba tena, akaigeuza kuwa kitabu.

Wachapishaji wakamkatalia, mmoja baada ya mwingine. Yeye alitaka kitabu kidogo cha kutosha mkono wa mtoto, na cha bei ndogo. Hakungoja. Desemba 1901 alitoa akiba yake akachapisha nakala 250 mwenyewe. Zikaisha, akaongeza 200. Wachapishaji Frederick Warne, ambao hapo awali walikuwa wamekataa, sasa wakakubali, mradi apake rangi picha zote. Kitabu kilitoka Oktoba 1902 kwa shilingi moja ya huko. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimeshanunuliwa kabla ya siku yenyewe, na kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa zimechapwa 28,000.

Safari hii hakulipwa mara moja tu. Alilipwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya pesa ya kila nakala inayouzwa. Mwaka 1903 alishona mwanasesere wa Peter kwa mkono wake, akamwandikisha serikalini ili mwingine asimtengeneze bila ruhusa. Lakini jamani, hata yeye aliumia. Kitabu hakikuandikishwa Marekani, na sheria ya huko wakati huo ilidai hivyo. Watu wa huko wakachapa nakala zao na kuuza, yeye asipate hata senti.

Kwa pesa za vitabu, pamoja na urithi kutoka kwa shangazi yake, alinunua shamba la Hill Top mwaka 1905. Akaongeza mengine, akafuga kondoo wa milimani. Alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 zitunzwe kwa faida ya umma.

Turudi kwetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Ukichora kwa hiari yako, haki ni yako tangu umemaliza mchoro, hata kama hujaandikisha popote, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako. Watoto wako wanairithi. Lakini mtu akikuagiza umchoree, na hamkupatana vingine, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwake. Kwa hivyo wale waliotuuliza karatasi walijua walichouliza.

Karatasi si lazima iwe ndefu. Iseme ni picha ngapi, zitatumika kwenye kitabu gani tu, haki inabaki kwa nani, na kama kalenda au fulana zitalipiwa kando. Iseme marekebisho ni mara ngapi bila malipo, pesa zinatoka lini, na michoro yenyewe inarudi kwa nani. Pande zote mbili zitie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Kuhusu mrabaha, tusidanganyane: kitabu kisipouzwa, mrabaha ni sufuri. Kijana mwenye ada ya kulipa mwezi huu anaweza kuchagua pesa taslimu, na hakosei, bora ajue anauza nini. Afadhali aombe zote mbili: kiasi kidogo mwanzoni, na sehemu baadaye.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Ni nani hapa kwetu anayechora, na nani amewahi kumlipa?

Kikundi chetu kikitaka kitabu cha hadithi za wazee kwa watoto wa nasari, tutamwandikia mchoraji nini kwenye karatasi? Andikeni rasimu leo, kabla hamjaachana.

Picha zilizo kwenye kadi na mabango ya kikundi chetu, ni za nani?