Kuketi Kabla ya Kusema: Somo la Kutuliza Moyo

Sisi tunaoishi na kufanya kazi mipakani tunajua kwamba ugomvi mwingi huanza kwa neno. Neno hilo hutoka kwenye foleni ya maji, kwenye meza ya kukagulia hati, au mlangoni mwa mpangaji anayedaiwa kodi. Wahenga walisema hasira hasara, nasi tumeiona hasara hiyo ikiletwa kituoni na watu wawili ambao jana yake walikuwa majirani wema. Somo la toleo hili ni mkao mmoja mwepesi wa yoga, unaompa mtu nafasi kati ya hasira na neno.

Tumeliandaa tukiwafikiria hasa wasomaji wetu wa Mtandire, jijini Lilongwe, na wa Dzaleka, wilayani Dowa. Dzaleka, iliyowahi kuwa gereza, ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 na kupangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha. Mwaka 2023, Serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee, wako walioacha vyumba na biashara mijini. Penye msongamano na kungoja kusikojulikana mwisho wake, mtu huweza kuwaka hata kabla hajakosewa.

Tuanze na mwili. Mtu anapohisi hatari, moyo hupiga mbio, pumzi hufupika na misuli hukaza. Hali hiyo humwokoa anayekimbia moto, lakini humponza anayejibu swali la karani. Moyo hatuwezi kuuamuru moja kwa moja, pumzi tunaweza. Tunapoitoa polepole, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni huutaka moyo upunguze mwendo.

Mkao wenyewe kwa Kisanskriti huitwa sukhasana, yaani mkao wa raha. Si mgeni kwetu: ndivyo wanavyoketi watoto mkekani na wazee barazani. Katika somo hili hatuimbi maneno yoyote wala hatufanyi ibada, hivyo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuketi pamoja.

Kwanza, tandika mkeka, kisha kunja kitenge au gunia safi ulikalie, ili nyonga ziinuke kuliko magoti. Asiyeweza kukaa chini atumie kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni.

Pili, kunja miguu ipishane mbele yako. Nyoosha mgongo bila kuukaza, legeza mabega na taya, na weka viganja juu ya mapaja. Magoti yakiuma, ongeza kitenge au egemea ukuta.

Tatu, tazama mahali pamoja sakafuni. Si lazima kufumba macho. Aliyepitia vita huenda akaogopa giza. Basi ayaache wazi na aketi akiuelekea mlango.

Nne, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6. Usiibane. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Tano, mawazo yakikimbilia deni au mtoto aliye mbali, usijilaumu. Yatambue, kisha urudi kwenye hesabu. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Dakika 5 zinatosha.

Mazoezi yanayokaribiana na haya yamepimwa katika ukanda wetu. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walifuata vikao 5 vya mafunzo ya Shirika la Afya Duniani. Hayakuwa mafunzo ya yoga, lakini yalifundisha kurudisha mawazo kwenye pumzi na mahali mtu alipo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dhiki yao ya moyo ilipungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mkao huu haujazi ndoo wala hauleti hati, na haukusudiwi kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa, hata na askari, ana haki ya kulalamika. Utulivu humsaidia kueleza jambo lilitokea lini, wapi, na nani alisema nini. Somo hili linatuhusu pia sisi wenye sare: askari aliyetulia kabla ya kuuliza husikia jibu ambalo mwenye hasira asingelisikia. Na yeyote anayekosa usingizi kwa majinamizi, au anayewaza kujidhuru, asibaki na mkeka peke yake. Afike kwenye kituo cha afya mapema.

Zoezi la wiki: keti kila asubuhi kwa dakika 5 kabla ya kutoka nyumbani, maana anayengoja mafuriko ndipo ajifunze kuogelea amechelewa. Siku ya foleni, pumua mara 3 kwa hesabu ile ile, hata ukiwa umesimama, ndipo useme.

Maswali ya kujadiliana katika kikao cha mtaa: Ni mahali gani mtaani kwetu ambapo maneno huwaka upesi? Je, ni jambo gani pale linalohitaji pumzi, na ni lipi linalohitaji kurekebishwa na viongozi?